Maji Hayaiti

Zamani injini zilipokuwa zikila kuni, viwanda vidogo vya kupasulia mbao vilifanana kama ndugu wa tumbo moja, viwe vya Ulaya, vya Marekani au vya milima ya Usambara. Bati juu ya nguzo, kuta hakuna. Upande mmoja boila imelala kama pipa refu la chuma, tumbo limejaa maji na mdomo umejaa moto. Kando yake injini na gurudumu lake zito. Kutoka kwenye gurudumu unapita mkanda mpana wa ngozi hadi kwenye mhimili wa msumeno wa mviringo, ambao kimo chake kinamfika mtu mzima kiunoni. Nyuma kuna lundo la magogo. Mbele kuna mbao zilizopangwa kwa vijiti katikati zipate kupigwa na upepo. Kuni hazikununuliwa. Mabanzi, yale magamba ya pembeni mwa gogo yasiyofaa kuwa mbao, ndiyo yaliyorudi kuiwasha boila. Kiwanda kilikula mti, kisha kwa mabaki ya mti huo kikapata nguvu ya kula mwingine.

Ndani ya kiwanda cha namna hiyo naweka kisa cha watu wawili. Ni mfano wa kufundishia, sikuuokota katika maisha ya mtu ninayemjua. Lakini kila kifaa kilichomo kilikuwepo, na kosa lililomo limetendwa mara nyingi na limeua wengi.

Mzee mmoja alikuwa mpiga moto wa kiwanda hicho miaka mingi. Akaletewa kijana wa kumrithisha kazi. Asubuhi ya kwanza, bado kuna giza na umande, kijana akafika amebeba mzigo wa mabanzi begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tua mzigo. Kabla hujagusa kuni, niambie kioo kinasemaje."

Kijana akatazama mbele ya boila. Palikuwa na bomba la kioo lililosimama wima, nene kama kidole, limefungwa kwa shaba juu na chini. Ndani yake maji yalisimama sawa na yalivyosimama ndani ya boila.

"Kinasema nusu, mzee."

"Umekipuliza?"

Kijana hakuelewa. Mzee akainama, akafungua kibomba kidogo kilichokuwa chini ya kioo. Maji yakatoka kwa nguvu, kioo kikabaki kitupu. Akafunga. Maji yakapanda tena haraka, yakatulia palepale nusu.

"Sasa ndiyo kimesema kweli. Tundu la chini huziba kwa tope. Likiziba, maji ya kwenye kioo hubaki palepale hata kama ya ndani yamekwisha. Kioo kilichoziba ni kibaya kuliko kukosa kioo, maana asiyekuwa nacho huogopa, lakini mwenye kilichoziba hulala. Na jambo jingine ulishike. Humu ndani kila kitu kitakuita. Moto ukipungua utauona. Msumeno ukichoka utausikia unalia. Mkanda ukilegea utapiga kofi. Lakini maji hayaiti. Maji huondoka kimya kimya. Ni wewe wa kuyaendea."

Miezi ikapita. Ikaja oda kubwa ya mataruma ya reli, nayo ilitakiwa upesi. Msimamizi akawa anazunguka na saa mkononi, magogo yanaingia bila kupumzika, msumeno hausimami. Kijana alikuwa peke yake kwenye moto siku hiyo, mzee amekwenda mtoni kuangalia bomba lililokuwa likileta maji kwa kusuasua. Kijana aliponyanyua macho kioo kilisema nusu. Akatupa mabanzi. Akanyanyua tena macho, nusu. Akatupa mengine. Hakukipuliza asubuhi, hakukipuliza saa nne. Kila alipokumbuka, msimamizi alikuwa akipaza sauti ya kutaka mvuke.

Mzee aliporudi alikuwa ameshika mkononi konzi ya majani yaliyooza. Ndiyo yaliyoziba mdomo wa bomba kule mtoni. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akafungua kile kibomba cha chini. Yakatoka matone mawili matatu, kisha tope kama uji mweusi, kisha mvuke mkavu ukapiga mluzi. Maji hayakurudi kwenye kioo.

Kijana akarukia pampu.

"Acha!" Mzee akamshika mkono. "Chuma kilicho juu ya moto kimekwisha kuwa chekundu. Ukikimwagia maji ya baridi sasa hivi, umetuua sote. Lete udongo mbichi. Lete unga wa mbao uliolowa. Funika moto, funga mlango wa hewa, na kila mtu atoke chini ya bati."

Wakafunika moto. Msumeno ukapungua sauti, ukasimama katikati ya gogo. Watu walikaa mbali chini ya miti mpaka jua likaelekea kutua, wakaisikia boila ikilia kwa kupoa. Msimamizi akalalamika kwamba siku nzima imepotea.

"Siku itarudi kesho, bwana," mzee akamjibu. "Watu hawa wasingerudi."

Mtu asidhani mzee yule alikuwa mwoga. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Boila inayafungia maji mengi yenye joto kali mahali pasipo na nafasi hiyo. Chuma kikichoka kwa joto na kupasuka, nguvu yote hutoka kwa mara moja. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover ililipuka asubuhi wafanyakazi wakiwa kazini. Jengo likaporomoka, moto ukafuata, watu 58 wakapoteza maisha. Hapo ndipo jimbo hilo lilipotunga kanuni kali za kuunda na kukagua boila, na majimbo mengine yakafuata. Kila kifaa kinachobandikwa kwenye boila kwa ajili ya usalama kina makaburi nyuma yake. Kuna vali inayofunguka yenyewe mvuke ukizidi. Kuna kizibo cha shaba chenye moyo wa bati kilichofungwa juu ya paa la tanuri. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, kwa hiyo maji yakishuka na kukiacha kizibo wazi, moyo wake huyeyuka na mvuke hushuka juu ya moto. Na kuna kioo.

Sasa nakuja kwenye kiini cha kisa changu. Boila ya kiwanda kile haikulipuka kamwe. Kijana akawa mpiga moto hodari, akazeeka kazini, na kila asubuhi alikipuliza kioo kabla hajamjibu mtu salamu. Lakini kiwanda kilikufa. Siku ya mwisho kioo kilionyesha nusu, na ilikuwa nusu ya kweli. Mkanda ulikuwa mzima. Msumeno ulikuwa umenolewa jana yake. Watu walikuwa wamefika. Kilichokosekana ni gogo. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha, na ya mbali ilikuwa ghali kuileta kuliko bei ya mbao zake.

Watu wale waliiwekea boila kioo na vali, wakamwajiri mtu wa kuvitazama mchana kutwa. Msitu hawakuuwekea kitu. Nao msitu ni kama maji, hauiti.

Mfano huu naweza kuuweka kando sasa, kwa kuwa historia ya milima yetu wenyewe inatosha kusimama badala yake.

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1895, serikali yao ya kikoloni ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, na ni serikali hiyo hiyo iliyoamua nani ahesabiwe kuwa mwenyewe. Misitu ya Usambara, ambayo Wasambaa walikuwa wakichukua humo dawa, nguzo, asali na maji, ikawa kitu cha kugawiwa kwa mkataba.

Juu Shume, katika Usambara ya Magharibi, kampuni iliyoitwa Wilkins & Wiese ilipata haki ya kuvuna. Ilichokifuata hasa ni mwangati. Mbao yake ni nyekundu, ina harufu nzuri, mchwa hawaipendi, nayo huchongeka kwa kisu bila kupasuka. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyowavuta watengenezaji wa penseli. Penseli za dunia zilikuwa zikitengenezwa kwa mwangati wa Marekani, na mwangati huo ulikuwa umeanza kuadimika. Msitu mmoja ulikuwa umekwisha kutoa somo lake, na wanunuzi walichofanya ni kuvuka bahari kutafuta mwingine.

Kiwanda kikajengwa mlimani, mahali walipopaita Neu-Hornow, mashine za mvuke zikaendesha misumeno. Reli ilikuwa chini kabisa, Mkumbara, nyikani, zaidi ya mita elfu moja kwenda chini. Mkokoteni usingeweza njia ile. Ikaletwa kampuni ya Adolf Bleichert kutoka Leipzig, mabingwa wa njia za kamba, ikasimamisha minara kwenye magenge na kutandaza kamba za chuma kwa takriban kilomita 9. Mbao zikawa zinashuka zikining'inia hewani juu ya mabonde. Kwa uhandisi ilikuwa kazi ya kustaajabisha, na sina sababu ya kuidharau. Lakini tazama gharama iliyolala pale. Minara, kamba, boila, misumeno na mikopo vyote vilidai kitu kimoja tu, nacho ni gogo jingine kesho. Mtu akishatandaza kamba ya kilomita 9, hawezi tena kuuambia msitu upumzike. Mashine imekuwa bwana wake.

Na mwangati una siri yake. Mti mzee husimama mnyoofu, gome safi, huku moyo wake umeliwa na kuvu. Wavunaji wa Kenya na wa Usambara waliijua hasara hiyo. Mti unaangushwa kwa jasho la siku nzima, halafu unakutwa una pango ndani. Aliyehesabu miti kwa kuitazama kutoka njiani alihesabu mbao ambazo hazikuwepo. Huko ndiko kusoma kioo kilichoziba.

Upande wa pili, katika Usambara ya Mashariki, kampuni nyingine ya Kijerumani ya mbao ilijenga tawi la reli nyembamba, upana wa sentimita 75, kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani. Kazi ilianza mwaka 1904 na kukamilika 1910, kwa kilomita zipatazo 23 tu. Milima ni mikali kiasi kwamba penginepo treni ilipanda kwa kwenda mbele kisha kurudi nyuma, zigizaga. Yote hayo kwa ajili ya miti. Lakini msitu wa Usambara ya Mashariki haukupandwa na mtu kwa mistari. Mvule mmoja uko hapa, wa pili uko ng'ambo ya korongo, na katikati ipo miti mia ya majina mengine ambayo soko halikuitaka. Matumaini ya mbao hayakutimia, na reli ikaishia kuyahudumia zaidi mashamba makubwa ya mazao. Waliuona msitu kutoka mbali ukiwa kijani kitupu, wakadhani kijani chote ni mali.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba ujuzi ulikuwepo. Mwaka 1713, huko Saxony, ofisa wa migodi wa Freiberg aliyeitwa Hans Carl von Carlowitz aliandika kitabu kizima, Sylvicultura oeconomica, kwa sababu tanuri za kuyeyushia madini zilikuwa zikimaliza misitu. Alitaka ukataji usizidi kile ambacho msitu unaweza kukirudisha. Wazo hilo likawa msingi wa elimu ya misitu ya Wajerumani, na hata Usambara walitenga misitu ya hifadhi. Basi somo lilikuwa limeandikwa karibu miaka 200 kabla ya msumeno wa kwanza wa mvuke kulia Shume. Kujua hakukutosha. Mpiga moto naye alijua kwamba maji yakiisha boila hupasuka. Kilichomwokoa ni kukifungua kile kibomba cha chini kila asubuhi.

Tufanye hesabu ambayo mwenye kiwanda angeweza kuifanya kwa mkaa juu ya ubao. Tuseme kiwanda kidogo kinapasua magogo 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hayo ni magogo 3,000. Tuseme kila mti unatoa magogo mawili. Basi miti 1,500 inaanguka kila mwaka. Kama mti wa aina hiyo unahitaji miaka 60 kufikia msumeno, kiwanda hicho kinahitaji miti 90,000 ya kila umri, kuanzia mche hadi mzee, ikiwa hai na inatunzwa wakati wote, ili mjukuu wa mwenye kiwanda akute kazi. Asiye na miti 90,000 hana kiwanda. Ana lundo la magogo lenye bati juu yake.

Na hapo bado sijataja kinachomwagika sakafuni. Msumeno mkubwa wa mviringo una meno mapana. Ukila milimita 8 kila unapopita, na mbao zako ni za milimita 25, basi kila unapotoa mbao tatu, karibu mbao ya nne nzima imegeuka unga. Zama za mvuke hilo halikumuuma mtu, kwa sababu unga na mabanzi vilikwenda kwenye tanuri. Upotevu ukawa ndio chakula cha mashine. Kitu kikishakuwa chakula cha mashine, hakuna anayekiita tena hasara. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mashine za mvuke zilionyesha kwamba na msitu nao huisha kwa bandu bandu.

Hayo yote yangekuwa habari za kale kama boila zilizokufa zingekufa na tabia yake. Hazikufa nayo. Leo ukienda Mufindi au Njombe utasikia mlio mwingine vilimani. Ni dingdong, kile kiwanda kidogo cha kuhamahama cha kupasulia mbao, kinachosukumwa na injini ya dizeli. Kinavutwa na trekta hadi shambani, kinasimamishwa asubuhi, jioni kimepasua. Kimewapa vijana wengi ajira, kimejenga nyumba, kimesomesha watoto. Sikitukani. Lakini ni mtoto halali wa kiwanda kile cha mvuke, na ulafi wa baba amezaliwa nao. Kioo hana.

Nawaambia wenye dingdong na wenye mashamba ya miti, kama ambavyo mzee yule angewaambia.

Kwanza, kuwa na kioo. Wengi wana daftari la mbao, idadi iliyotoka, bei, deni la mafuta. Wachache wana daftari la miti, yaani miti mingapi imesimama, ya umri gani, mingapi imepandwa mwaka huu badala ya iliyokatwa. Daftari la mbao ni msumeno, linapiga kelele lenyewe. Daftari la miti ni maji. Usipoliendea halitakuita.

Pili, kipulize kioo. Namba zilizoandikwa ofisini miaka mitano iliyopita na kunakiliwa kila mwaka ni tope ndani ya bomba. Zinaonyesha nusu siku zote. Ingia shambani kwa miguu yako, gusa miti, pima unene wake, tazama miche mingapi imepona kiangazi na mingapi imeliwa na moto. Mwangati uliooza moyoni haukujulikana kwa mtu aliyekaa njiani.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ukikuta maji yameshuka usirukie pampu. Magogo yakianza kuadimika, akili ya haraka husema ununue mashine yenye kasi zaidi, ukope, uongeze zamu, na ukate miti ya miaka minane au tisa iliyokuwa ikingoja kunenepa. Kufanya hivyo ni kumwaga maji ya baridi juu ya chuma chekundu. Mti mchanga hutoa mbao nyembamba, laini, zenye kujipinda, na bei yake ni ndogo. Kwa hiyo unakata mingi zaidi kupata fedha ileile, na shimo linazidi kwenda chini. Dawa ni ile ya mzee. Funika moto. Punguza zamu mapema, wakati bado unaweza kuchagua. Noa msumeno, tumia wenye meno membamba, upate mbao nyingi kutoka gogo lilelile. Siku itakayopotea itarudi.

Nne, kitazame kizibo. Msitu nao una kipande chake cha bati laini, nacho ni mto. Mto Zigi unashuka kutoka misitu ya Amani, ileile iliyojengewa reli ya mbao, na maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani yakawafikie watu wa jiji la Tanga. Mama anayefungua bomba Ngamiani au Chumbageni anakunywa msitu, ajue asijue. Miti ikiondoka kwenye miteremko, mvua huporomoka na udongo, kisha kiangazi chemchemi hukata. Mto uliokuwa haukauki ukikauka, bati limeyeyuka. Kizibo hakiyeyuki ili kututisha. Kinayeyuka kwa sababu kioo tulikiacha muda mrefu bila kukitazama.

Yapo mambo ya kutia moyo, na ni haki kuyasema. Shume leo kuna shamba la serikali la misindano na misaiprasi, miti iliyopandwa kwa kusudi la kuvunwa, ili msitu wa asili upumue. Magamba, jirani yake, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Amani nayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya namna hiyo mwaka 1997, na nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni kule Sigi ikafanywa kituo cha kupokelea wageni. Pale ambapo magogo yalipakiwa kwenye mabehewa, sasa mtoto wa shule anaweza kuonyeshwa ua na kinyonga ambavyo havipo popote pengine duniani. Kwa hiyo binadamu huweza kujifunza. Tatizo letu ni kwamba hujifunza baada ya gogo la mwisho, na bei ya somo hulipwa na ambao hawakuwa darasani.

Mpiga moto mzee hakuwa msomi. Hakuwa na kitabu cha Carlowitz wala hesabu ya miti 90,000. Alikuwa na tabia moja tu, kukiuliza kile kisichosema, kabla ya kukijibu kile kinachopiga kelele. Tabia hiyo haina gharama, na haihitaji mfadhili. Kesho asubuhi, kabla injini haijawashwa na kabla mteja hajapiga simu, lipite lundo la magogo, ingia shambani hadi mwisho wa mstari, uhesabu. Ukirudi andika idadi uliyoiona kwa macho, hata kama ni ndogo kuliko ya jana. Kisha ndipo uwashe moto.